Meno ya Juu

Hadithi iliyonitisha kuliko zote haina jini wala mzimu. Ina mtoto anayeota meno.

Bibi alikuwa akitusimulia jikoni, huko Soni, katika ile miezi ya baridi ambapo ukungu wa Usambara hupenya hata chini ya mlango. Mama akamtazama mwanawe kinywani, akaona jino limechomoza, nalo limechomoza juu. Bibi alikomea hapo. Alisogeza kuni, akapuliza moto, akachungulia chungu cha maharage. Sisi watoto, upande wa pili wa mafiga, tulipitisha ulimi kimyakimya juu ya meno yetu wenyewe.

Mtoto yule ni Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu katika karne ya 18 akawa mfalme wa kwanza wa ukoo wa Wakilindi, waliotawala Usambara kutoka Vugha. Aliyeiweka habari yake katika wino ni Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapwa kwa sehemu tatu kati ya 1895 na 1907, kwenye matbaa ya misheni ya UMCA huko Magila, karibu na Muheza. Wanahistoria wamekifanyia kazi kubwa, hasa Steven Feierman katika utafiti wake wa mwaka 1974 kuhusu ufalme wa Wasambaa. Mimi nakirudia kwa sababu nyingine. Naamini hakuna aliyeandika hofu kwa Kiswahili kwa ufundi kumshinda mzee huyu, naye hata hakuwa akiandika hadithi za kutisha.

Tazama alipoanzia. Mtoto anayeota meno ya juu kwanza ni kigego, na kigego, kwa itikadi ya wakati ule, huwamaliza ndugu zake. Desturi ilikuwa kumuua angali mchanga. Mbegha aliachwa akaishi. Jini la kawaida hupungwa. Utaleta mganga, ngoma zitapigwa, litataja jina lake na kudai ubani au kitambaa, kisha litaondoka. Kitu alichonacho Mbegha hakina jina la kutajwa wala hakidai chochote. Kimo ufizini. Anakula nacho, anacheka nacho, analala nacho. Akikimbilia msituni kinakwenda naye, na mwenyewe hajawahi kukiona.

Mmarekani H. P. Lovecraft, ambaye wapenzi wa hadithi za kutisha duniani humtaja kuwa bingwa wao, alikuwa mtoto wa miaka minne au mitano sehemu ya kwanza ilipochapwa Magila. Yeye baadaye alikwenda mbali sana kutafuta viumbe wake, nyuma ya nyota na chini ya bahari, akawarundikia sifa hadi ukurasa ukajaa. Namheshimu. Lakini kiumbe cha chini ya bahari naweza kukifungia kitabu nikalala. Jino siwezi.

Kisha linakuja tukio la nguruwe, na hapa ndipo ninaposoma polepole kuliko mahali pengine pote. Jamaa zake wamekwisha kumnyima urithi kwa ajili ya ukigego. Amehamia Kilindi na mbwa wake, na huko amependwa. Mwana wa mkuu wa mji amekuwa rafiki yake wa kuwinda. Siku moja kijana yule anauawa na nguruwe mwitu mawindoni. Mbegha na wenzake hawarudi mjini. Wanatoroka.

Nguruwe ni nguruwe. Kila aliyelima mahindi kando ya msitu wa Magamba anajua dume lililojeruhiwa linavyogeuka, na kwamba mkuki hauwezi kulizuia likishapata mwendo. Tukio zima linaelezeka kwa akili ya mchana. Lakini msomaji ameshalichungulia lile jino, na hawezi tena kuona nguruwe peke yake. Je, ni mnyama aliyemuua kijana, au ni urafiki wenyewe? Abdallah angeweza kutujibu kwa sentensi moja. Angeweza kumwita mganga aseme, au kumfanya Mbegha alie na kukiri. Hafanyi hivyo. Anamwacha mtu na hatia asiyoweza kuikubali wala kuikana, anampa mbwa wake, anamwingiza porini. Kujizuia kwa namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kueleza, na kila mwandishi aliyewahi kufuta aya aliyoipenda analijua hilo.

Wasambaa walimpokea. Aliwaulia nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba, akawagawia nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Usiku wa safari ya kwenda Vugha aliua simba, na tangu hapo mfalme wa Wasambaa akaitwa Simba. Nimewahi kukaa na jambo hilo moja jioni nzima. Watu wameokolewa kutoka kwa simba, kisha wanamwita mwokozi wao kwa jina la yule mnyama. Bila kelele, hadithi imegeuka: aliyekuwa amefungiwa na kitu kisichojulikana alikuwa Mbegha, sasa ni nchi nzima. Wasambaa wana maneno mawili kwa nguvu za mfalme, kuzifya shi na kubana shi, kuiponya nchi na kuiharibu nchi. Mvua na njaa hutoka mkono mmoja.

Abdallah hakuyatunga hayo mezani. Aliishi na Wakilindi, akamtumikia Semboja wa Mazinde, na aliiona miaka iliyofuata kifo cha Kimweri ye Nyumbai, pale wazao wa Mbegha walipopigana wao kwa wao na vita vyao vikalisha biashara ya watumwa. Ukisimama kwenye jabali la Irente, nje kidogo ya Lushoto, Mazinde iko chini yako, kwenye uwanda wenye joto. Alijua jinsi ukoo ule ulivyoparaganyika alipokuwa akiandika mwanzo wake. Pengine ndiyo maana hakuhitaji kupaza sauti alipofika kwenye ufizi wa mtoto.

Mdogo wangu wa mwisho alipokuwa na miezi sita, akitokwa na udenda na kulia usiku, bibi alimpakata karibu na moto. Alikuwa Mkristo wa miaka mingi, na angekuambia waziwazi kwamba mambo ya vigego ni ya zamani. Alinawa mikono, akapitisha kidole juu ya ufizi wa chini, taratibu, kutoka upande hadi upande. Kisha akakirudisha katikati na kukituliza hapo.

"Lipo," alisema, akamrudishia mama mtoto wake.