Polisemia ya Neno honest katika Othello na Mipaka ya Neno mwaminifu

Mhakiki wa Othello ya William Shakespeare hawezi kulikwepa neno honest. William Empson, katika The Structure of Complex Words (1951), alihesabu matumizi 52 ya neno hili na nomino yake, na akaonesha jinsi maana zake zinavyosukumana. Likitajwa kwa Iago, humaanisha msema kweli, askari wa kutegemewa na, kwa sauti ya mkubwa anayemsifu mdogo, mtu mwema asiye na makuu. Likitajwa kwa Desdemona, humaanisha mke aliyeitunza heshima ya ndoa yake.

Ni rahisi kudai kwamba Kiswahili hakina neno moja la kubeba maana hizo zote. Dai hilo lina haraka. Mwaminifu huitwa mtunza fedha, mtumishi, na pia mke au mume asiyetoka nje ya ndoa. Hivyo neno hili linawafaa Iago na Desdemona bila kulazimishwa. Katika Tendo la Tatu, Onesho la Tatu, Iago anaanza kwa kuutilia shaka uaminifu wa Cassio, kisha shaka hiyo inahamia kwa Desdemona bila neno kubadilika. Mfasiri atakayeandika mkweli kwa Iago, mwadilifu kwa Cassio na msafi kwa Desdemona huenda akawa sahihi katika kila sentensi, lakini atakuwa ameutegua mtego wenyewe. Mtazamaji hatasikia kwamba Othello anampa Iago sifa ileile anayomnyang'anya mkewe.

Hata hivyo, neno mwaminifu lina upungufu. Kwa Kiswahili, kumwita mtu mwaminifu ni kumpandisha hadhi. Empson anaonesha kwamba honest iliweza pia kumshusha: ilimsifu Iago kama mbeba bendera mwema huku cheo alichokitamani kikiwa mikononi mwa Cassio. Dharau hiyo isipotafsiriwa, sehemu ya kinyongo chake hupotea. Kwa kuwa haimo katika neno, inaweza kutafutwa katika namna ya kuitana: Othello akimwita Iago, mtu wa miaka 28, "kijana wangu mwaminifu", sifa na unyonge husikika pamoja.

Kwa hiyo, inapendekezwa neno mwaminifu lidumishwe tamthilia nzima, hata pale linapokwaza ulimi, na tofauti za hadhi ziachiwe viambatani vyake.