Heko kwa Masifu wa Wing Chun

Ip Man, mzaliwa wa Foshan, alianza kufundisha Wing Chun, mtindo wa kung fu, huko Hong Kong mwaka 1950, umri wake ukiwa umepita miaka 50. Mwaka 1972, akiwa mgonjwa, alikubali kupigwa filamu akionyesha mtindo wake ili usipotee, Desemba akafariki. Heko kwa walimu wa namna hii!

Mwanafunzi huanza na mfululizo wa miondoko uitwao Siu Nim Tau: miguu imetulia palepale, mikono ndiyo inayofanya kazi, polepole. Mkongwe naye huirudia hiyohiyo. Baadaye huja mifululizo ya Chum Kiu na Biu Jee, na sanamu la mbao la kufanyia mazoezi. Lakini utamu wenyewe uko kwenye chi sao, wawili wakigusanisha mikono, kila mmoja akihisi nguvu ya mwenzake inakoelekea kabla jicho halijaiona. Hilo halipatikani kwa kutazama video.

Na vyeo je? Mikanda ya rangi ilitoka kwenye judo. Kung fu ya jadi, badala yake, ilipanga watu kiukoo: sifu, yaani mwalimu, ni baba, na aliyekutangulia kujiunga ni kaka, hata ukimzidi umri. Nauenzi utaratibu huo, maana humbana kaka amfundishe mdogo wake.