Kisu cha Tabule

Kuna video inayozunguka kwenye simu za watu. Mtalii wetu mmoja ameketi katikati ya Beirut, nyuma yake mnara wa saa wa Uwanja wa Nejmeh, mbele yake bakuli la ngano ya manjano iliyonyunyiziwa majani mawili matatu. Anajaza kijiko, anafumba macho, anaapa hajawahi kula saladi ya tabule kama ile. Hapo ninamwamini: hajawahi kula tabule. Kinachoniudhi ni msururu wa watu waliomshukuru kwa kuwaelekeza.

Majengo ya nyuma yake tumalizane nayo haraka, maana ndiyo yanayowapumbaza wengi. Matao ya mawe ya Mtaa wa Maarad yanapendeza, lakini hayapiki. Vita vya 1975 hadi 1990 viliuacha mji ule wa kati kuwa magofu. Kampuni ya Solidere, iliyoundwa 1994, ikaujenga upya ukang'aa. Hata masoko ya zamani yalirudishwa mwaka 2009, safari hii yakiwa maduka ya vioo. Wazee walionifundisha kazi ya jikoni waliyajua yale ya kwanza, ambako mchukuzi na karani walikula chini ya dari moja, na kila mmoja aliniapia kwamba siku zile hapakuwa na mpishi mbaya. Haiwezekani. Lakini siku hizi nami nasema hivyo hivyo, kana kwamba nilikuwepo.

Tuje mezani. Kwenye mkahawa wa Kilebanoni, sahani ya mboga mbichi hutangulia: tango, figili, vitunguu vya majani, nanaa, vyote vizima. Mkahawa ukikukatia vipande unaficha kitu. Mkate ufike wa moto, umefunikwa. Hummus isitoke kwenye friji. Dengu isikike kwanza, tahini ya ufuta ifuate, na ukiletewa iliyotiwa bitiruti, chukua kofia yako. Mei 2010 wapishi wapatao 300 walikoroga kilo 10,452 za hummus, kilo moja kwa kila kilomita ya mraba ya Lebanon, ili kuinyang'anya Israeli rekodi. Kwa ajili ya bendera, hongera zao. Toum, mchuzi mzito wa saumu, iwe nyeupe na ikupande puani. Wanaoivimbisha kwa ute wa yai au wanga wa viazi wanabana matumizi ya saumu. Mkate wa saladi ya fattoush utiwe mwisho kabisa, ulie menoni. Kibe mbichi, nyama iliyopondwa na ngano, ni chakula cha mchana, tena ya siku ile ile. Anayeiagiza usiku ana ujasiri wa bure. Kwenye pombe ya araki maji hutangulia, barafu hufuata, nasikia; mimi nina sharubati yangu ya jallab.

Sasa tabule. Tabule ni bakdunisi, yaani parsley. Ngano imealikwa tu, tena bulguri laini kabisa, isiyopikwa upya, inayolainika kwa maji ya nyanya na limau peke yake. Hili wengi wameshalisikia, na wanajiona wataalamu kwa kuhesabu kijani na manjano. Wasichokitazama ni mkato.

Bakdunisi huoshwa mapema, ikatandazwa juu ya kitambaa mpaka ikauke kabisa. Hukusanywa fungu, vichwa sawa, ikabanwa kwa vidole, na kisu chembamba kilichonolewa asubuhi hiyo kikapita mara moja. Mara moja! Hakirudi nyuma kuponda kilichokwisha kukatwa, kama tunavyofanya na mchicha. Jani lililokatwa vizuri huwa uzi mwembamba wenye kingo mbili zilizonyooka, kavu, na kila uzi hukaa peke yake. Lililopondwa hutoa maji, hugeuka jeusi, huanza kunuka kama nyasi za uwanja wa mpira. Nanaa hukatwa mwisho kwa sababu haivumilii hata dakika chache. Limau na mafuta ya zeituni huingia mhudumu akiwa ameshasimama mlangoni.

Kwa hiyo bakuli likifika, usionje. Inamisha, utazame chini. Pawe na kijiko kimoja cha maji ya limau na nyanya, mepesi, yenye wekundu wa mbali. Yakiwa ya kijani na mazito, mashine imepita hapo.

Mama mmoja wa Zahle, mji ambao watu wake hujiona wenye visahani vya meze na wengine wote waigaji, aliwapima wanafunzi wake kwa leso nyeupe. Alichukua gao la bakdunisi uliyokata, akalifunga katika leso, akalibana. Leso ikitoka na doa, unarudi kwenye vitunguu bila kuambiwa neno. Nimemenya vitunguu vingi sana.

Upande wa pili yupo mpishi niliyemkuta katika mkahawa mmoja wenye vitambaa vya meza vilivyochapwa jina. Alisaga bakdunisi yote alfajiri kwa mashine, akaikamua katika shuka, akayamwaga yale maji ya kijani, kisha akairudishia mng'ao kwa mafuta. Chini ya bakuli lake huoni kitu! Mtu wa namna hii hunaswa kwa uma: chota kidogo, uinue, utikise. Majani yake huganda madonge, na mdomoni ni kama karatasi. Ndiyo maana tabule ya kweli huchotwa kwa jani la letusi au kabichi. Donge huanguka na kumuaibisha mwenyewe.

Na dania? Nairobi na Dar es Salaam nimeona ikiwekwa mahali pa bakdunisi. Iiteni kachumbari, nitaila na nitaomba tena.

Najua kwa nini mashine imeshinda. Kukata kwa mkono kunataka watu, na watu wameondoka. Baada ya kuporomoka kwa fedha ya Lebanon na mlipuko wa bandarini wa tarehe 4 Agosti 2020, wapishi niliowafahamu walitawanyika, wengine wakaenda Ghuba, ambako sasa wanasimamia mashine. Sababu naielewa. Ila bei ya bakuli haikushuka pamoja na kisu, na hilo sitalielewa.

Jambo la mwisho ni bili. Mlo ukiisha, matunda huja bila kuitwa, na kahawa huyafuata. Hayo ni ya mwenyeji. Yakiandikwa kwenye bili, lipa, shukuru, usirudi: mkahawa unaotoza matunda si wa Kilebanoni, hata kama mwenye nao amezaliwa Zahle.