Mafundi wa Picha Zilizokwisha Kupigwa

Tarehe 1 Julai 2013, Mark Showalter wa Taasisi ya SETI, California, alikuwa akichunguza vipande vya pete za Neptuni katika picha ambazo darubini ya Hubble ilikuwa imezipiga miaka kadhaa nyuma. Akapanua eneo la hesabu zake, likatoka nje ya pete, na huko nje akaona nukta nyeupe. Nukta moja katika picha moja si kitu. Kamera zina takataka nyingi zinazofanana na nyota. Akarudi kwenye hifadhi, akafungua picha nyingine na nyingine, akaifuata nukta hiyo katika picha zaidi ya 150 zilizopigwa kati ya 2004 na 2009. Mahali hesabu ziliposema itakuwapo, ndipo ilipokuwa. Ulikuwa mwezi wa kumi na nne wa Neptuni kujulikana, ambao sasa unaitwa Hippocamp. Upana wake ni kilomita 34 hivi, na huizunguka sayari yake kwa muda wa kama saa 23.

Chombo cha Voyager 2 kilipita karibu na Neptuni mwaka 1989 bila kuugundua. Mwangaza wake ni hafifu takriban mara milioni 100 kuliko nyota hafifu kabisa inayoonekana kwa macho matupu. Hata hivyo ulikuwamo ndani ya mafaili, mwaka baada ya mwaka, na kila mwenye haja aliweza kuyafungua. Darubini ilikuwa imemaliza sehemu yake ya kazi. Kilichokuwa kinasubiriwa ni mkono wa fundi, na ufundi huo wa kupekua picha za zamani haupati sifa unazostahili.

Tuangalie alichokifanya. Shida ya miezi ya ndani ya Neptuni ni mwendo wake. Ukiifungua kamera kwa muda mrefu ili ikusanye mwanga wa kutosha, mwezi nao unasogea, na ule mwanga wake mchache unatandazwa juu ya pikseli nyingi hadi unapotea. Ukiifungua kwa muda mfupi, mwezi hauwahi kusogea, ila mwanga nao hautoshi kuonekana. Showalter alizikubali picha fupi fupi kama zilivyo, kisha akahesabu: kitu kilichokuwa mahali hapa saa hii, kama kweli kinaizunguka Neptuni kwa kutii mvutano wake, kitakuwa wapi dakika chache baadaye? Kilicho karibu na sayari huenda mbio, kilicho mbali huenda taratibu, kwa hiyo haitoshi kuizungusha picha nzima kwa kiasi kimoja. Inabidi kuipinda, sehemu ya ndani ikisogezwa zaidi kuliko ya nje. Akazipinda picha zake mpaka zikawa kana kwamba zimepigwa kwa wakati mmoja, akazijumlisha. Alama za miale ya kosmiki na kelele za umeme wa kamera, ambazo hazifuati mzunguko wowote, zikafifia. Kilichokuwa kikizunguka kweli kikajikusanya mahali pamoja.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba hesabu hiyo haikuandaliwa kwa ajili ya mwezi huo. Iliandaliwa kwa ajili ya vipande vya pete, na kwa kuwa ilijengwa juu ya kanuni sahihi, ilifaa hata pale ambapo mwenyewe hakuwa amekusudia kutazama.

Wala hakuanzia Neptuni. Mwaka 1990 Showalter huyo huyo aliupata mwezi wa Zohali uitwao Pan ndani ya picha za Voyager zilizokuwa zimekaa karibu miaka tisa. Katika pete za Zohali kuna mwanya wa Encke, wenye upana wa kilomita 325, na kingo zake zina mawimbi. Jeffrey Cuzzi na Jeffrey Scargle walikuwa wameeleza mwaka 1985 kwamba mawimbi hayo yaweza kuwa kazi ya mwezi mdogo upitao katikati ya mwanya. Showalter alizisoma alama hizo, akakadiria mwezi uko wapi, kisha akaiachia kompyuta iteue, kati ya maelfu ya picha, zile ambazo mwezi ungepaswa kuonekana. Ulikuwamo. Mtu aliyefanya hivyo mara moja tungeweza kusema ana bahati. Aliyerudia baada ya zaidi ya miaka 20, katika sayari nyingine na picha za darubini nyingine, ana ufundi.

Picha za Hubble hukusanywa Baltimore, Marekani, katika Taasisi ya Sayansi ya Darubini za Angani. Tangu 2012 hifadhi hiyo ina jina la Barbara Mikulski, aliyekuwa seneta wa Maryland na mtetezi mkubwa wa Hubble bungeni. Mwanasayansi aliyeomba uangalizi fulani kwa kawaida hupewa muda wa kuutumia peke yake, miezi kadhaa hadi mwaka, kisha data zinakuwa za watu wote. Matokeo yake yanaonekana katika majarida ya sayansi: kwa miaka mingi sasa, makala zinazotokana na data za hifadhi zimezidi zile za walioomba darubini iwapigie picha.

Anayeingia humo kwa mara ya kwanza huvutwa na rangi. Fundi huanza na maandishi. Kila picha imewekwa katika faili la muundo uitwao FITS, uliochapishwa mwaka 1981, ambao bado unabeba desturi za enzi ya kadi za kutobolewa: kila mstari wa maelezo una nafasi za herufi 80. Katika mistari hiyo kuna tarehe na saa, muda ambao kamera ilikuwa wazi, kichujio kilichotumika, upande ambao darubini ilikuwa imeelekea na jinsi ilivyokuwa imelala. Walioutunga waliweka sharti ambalo naliheshimu sana: mabadiliko yoyote yatakayofanywa baadaye yasilifanye faili la zamani lishindwe kusomeka. Hesabu za Showalter zisingesimama kama mtu mwingine, asiyejua lolote kuhusu Hippocamp, asingehakikisha kwamba saa imeandikwa sawasawa. Na picha ghafi haifutwi. Elimu ya kuisahihisha kamera ikiboreka, hifadhi hurudi kwenye data ghafi na kuzitengeneza upya.

Halafu kuna namna ya kuuliza. Ukitafuta kwa jina la galaksi utapata picha za walioitaka galaksi hiyo. Ila kitu unachokitafuta huenda kimeangukia pembeni ya picha ya mtu aliyekuwa na shughuli nyingine kabisa, na jina lake halitakusaidia. Kwa sababu hiyo mafundi hutafuta kwa majiranukta, yaani anwani ya mahali angani, na kuangalia mipaka ya kila picha imefika wapi. Hubble ina kamera zaidi ya moja, na mara nyingi kamera moja ikitazama kilichoombwa, nyingine huachwa ipige anga la jirani. Picha hizo za jirani hazina mwenye kuzililia, na humo ndimo mna mavuno. Mtafutaji anapaswa pia kukijua kila chombo na dosari zake. Picha za kuanzia 1990 hadi ukarabati wa Desemba 1993 zina ukungu, kwa kuwa kioo kikuu cha mita 2.4 kilisuguliwa vibaya kwa kiasi kidogo mno ukingoni. Kichujio F814W hupitisha mwanga ulio karibu na nanomita 814, na asiyelijua hilo atalinganisha picha mbili zisizolinganishika. Nyota za jirani nazo husogea: ile iitwayo nyota ya Barnard husogea zaidi ya sekunde 10 za tao kila mwaka, kwa hiyo anwani yake ya 1995 haitakufikisha kwake katika picha ya 2015.

Wakati mwingine picha huwa na jibu kabla watu hawajajua kulisoma. Novemba 2008 Christian Marois na wenzake walitangaza sayari tatu zinazoizunguka nyota HR 8799, katika kundinyota la Farasi, umbali wa miaka ya nuru 130 hivi. Walizipiga picha kwa darubini za Keck na Gemini, Hawaii. David Lafrenière akakumbuka kuwa Hubble iliwahi kuitazama nyota hiyo mwaka 1998 kwa kamera ya NICMOS, na wakati ule hakuna sayari iliyoonekana, kwani mng'ao wa nyota ulifunika kila kitu. Mwaka 2009 yeye na wenzake walichukua picha za nyota nyingine zilizopigwa na kamera hiyo hiyo, wakazitumia kujenga mfano wa mng'ao, wakautoa. Sayari ya nje ikajitokeza. Mwaka 2011 Rémi Soummer na wenzake huko Baltimore, kwa njia iliyonoleka zaidi, wakazitoa zote tatu katika picha zile zile. Thamani ya kazi hiyo iko kwenye mwendo. Sayari hizo huchukua takriban miaka 100, 200 na 400 kumaliza mzunguko mmoja. Ukitaka kuijua njia ya kitu kinachokwenda polepole namna hiyo, miaka 10 ya nyuma ni zawadi ambayo hakuna darubini mpya, hata iwe kubwa kiasi gani, inayoweza kukupa.

Wapo wanaotafuta kilichotoweka. Juni 2003 nyota ililipuka katika galaksi ya M74, ikaitwa SN 2003gd. Stephen Smartt na wenzake waliingia katika hifadhi wakakuta Hubble ilikuwa imeipiga galaksi hiyo mwaka uliotangulia. Kazi ngumu ilikuwa kuzilaza picha mbili moja juu ya nyingine, ya kabla na ya baada, kwa kutumia nyota zinazoonekana katika zote mbili, hadi kosa likawa dogo kuliko pikseli moja, maana katika mkono wa galaksi nyota zimesongamana na jirani asiye na hatia yuko karibu sana. Walipata nyota kubwa nyekundu, yenye masi ya karibu mara nane ya Jua, wakachapisha mwaka 2004. Wengine wangeishia hapo. Lakini ushahidi kamili ni mmoja tu: nyota ile iwe haipo. Justyn Maund na Smartt walingoja mwanga wa mlipuko upungue, wakatazama tena, na mwaka 2009 wakatangaza kwamba haipo.

Kuna kazi pia ya mikono mingi. Kuanzia 2019 zaidi ya watu 11,000 wa kawaida walijitolea kupitia picha za Hubble wakitafuta michirizi iliyoachwa na asteroidi. Hubble huizunguka Dunia kwa dakika 95 hivi, na mwendo huo huufanya mchirizi upinde. Kadiri ya kupinda husaidia kujua asteroidi ilikuwa mbali kiasi gani. Macho hayo yaliifundisha kompyuta, na kati ya picha zaidi ya 37,000 ikapatikana michirizi 1,701, ambayo 1,031 haikulingana na asteroidi yoyote iliyojulikana. Wapigaji wa picha hizo walikuwa wakiiona michirizi kama uchafu wa kufutwa.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna uhusiano na habari hii ambao hausimuliwi vya kutosha. Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kutazama eksirei za angani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Aliyeongoza sayansi yake alikuwa Riccardo Giacconi, na mwaka 1981 Giacconi akawa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ile ya Baltimore ambako hifadhi ya Hubble ilijengwa. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Vitu vilivyoorodheshwa na setilaiti ya Uhuru bado vina alama yake: mtafiti anayeandika leo kuhusu 4U 1820-30 anatumia herufi U ya Uhuru, na 4 ya toleo la nne la orodha.

Nawaomba basi walimu wa fizikia wa Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na Lubumbashi wawape wanafunzi wao kazi hii. Wasisubiri darubini kubwa ijengwe kwetu. Programu za kufungua mafaili ya FITS hupatikana bure, hifadhi haiulizi uraia wa mtu wala haitozi ada, na swali zuri lililoulizwa kutoka Malindi litajibiwa kwa data zile zile anazojibiwa mtu wa Baltimore. Mwenye kutaka pa kuanzia aitafute orodha ya nne ya Uhuru, iliyochapishwa mwaka 1978. Ina vyanzo 339 vya eksirei, na iko wazi katika hifadhi ya NASA.