Saa ya Dola Moja: Maandalizi ya Mwisho ya Joshua Slocum

Kila aliyesoma Sailing Alone Around the World, kitabu cha Joshua Slocum kilichotoka mwaka 1900, anaikumbuka saa. Ilikuwa Julai 1895, bandarini Yarmouth, Nova Scotia. Nahodha huyu alikuwa karibu kuondoka ili avuke Atlantiki peke yake katika mashua yake, Spray. Akanunua saa ya bati. Bei yake ilikuwa dola moja na nusu, lakini kwa kuwa uso wake ulikuwa umevunjika, mwenye duka alimwachia kwa dola moja. Hakuwa na saa nyingine safari nzima, mpaka aliporudi Marekani Juni 1898 akiwa ameizunguka dunia.

Msomaji hucheka hapo, na Slocum anataka acheke. Dai langu katika insha hii ni kwamba kicheko hicho kina kazi: kinatufanya tuhesabu vitu vinavyopakiwa ili tusiulize kuhusu watu wanaoachwa.

Tuanze na vitu, maana ndivyo anavyoviandika vizuri kuliko waandishi wengi wa bahari. Spray ilikuwa mashua kuukuu iliyokuwa imewekwa kondeni Fairhaven, naye aliijenga upya kwa miezi 13 na kwa dola 553.62. Hata senti amezitaja. Huko Gloucester alihitaji mtumbwi mdogo wa kumfikisha ufukweni. Akachukua mmoja uliotupwa, akaukata katikati kwa msumeno, akaziba kwa mbao pale alipokata. Nusu hiyo ikawa pia beseni la kufulia na kuogea. Yarmouth alipakia siagi, pipa la viazi na mapipa sita ya maji. Sentensi ni fupi, sifa hamna, na kinaya kinatokana na bei zenyewe. Mtu anayekwenda kuzunguka dunia anaongea kama mtu anayekwenda gulioni.

Lakini umaskini huu usituhadae. Slocum alikuwa na kronometa ya zamani, na kuisafisha na kuirekebisha kungemgharimu dola 15. Anashangaa bei hiyo, kisha anasema aliiacha nyumbani kwa sababu za kutosha, bila kuzitaja. Aliweza kufanya hivyo kwa kuwa alijua kuipata longitudo kwa kuupima mwezi, ujuzi ambao mabaharia wengi wa wakati wake walikuwa wameanza kuusahau. Alipovuka Pasifiki na kuviona visiwa vya Marquesas baada ya siku 43 bila nchi kavu, hesabu zake za mwezi zilikuwa sahihi kiasi kwamba aligundua kosa katika majedwali yaliyochapishwa. Saa mbovu, basi, ni majivuno yaliyovaa nguo chakavu. Ninayapenda majivuno hayo.

Ninachotilia shaka ni neno “nyumbani”. Linakuja hapo kwa sababu ya kronometa. Wakati huo Slocum alikuwa na mke, Henrietta, na watoto wanne wa mke wake wa kwanza, Virginia, aliyefariki Buenos Aires mwaka 1884. Katika kurasa za kuondoka Boston hatuoni mtu akimuaga mwenzake. Yeyote aliyepanda basi la usiku kutoka Kampala anajua kwamba saa ya mwisho ni ya watu zaidi ya mizigo: shangazi anayekuja na chapati zilizofungwa, mdogo wako anayeng’ang’ania begi. Slocum ameifuta saa hiyo.

Mwenzangu mmoja alinipinga kwamba hiki ni kitabu cha baharia, na utanzu wake hauna nafasi ya mambo ya nyumbani. Sikubali. Melville, katika Moby-Dick ya mwaka 1851, alimpa nafasi dada yake nahodha Bildad, mama anayeitwa Charity, anayepanda melini mara kwa mara na achari, kalamu za manyoya na kitambaa cha kumfunga mgonjwa wa mgongo. Orodha ya mizigo inaweza kabisa kumbeba mtu. Slocum mwenyewe anajua. Alipotua Westport, kijiji cha utoto wake, anapata nafasi ya kutusimulia habari za fundi cherehani wa zamani aliyekuwa akitembea na baruti mfukoni. Fundi cherehani anapewa aya yake. Mke hapewi sentensi. Hiyo ni hiari ya mwandishi, wala utanzu haukumlazimisha. Hata tabaruku inamwendea mtu fulani asiyetajwa jina, aliyesema kwamba Spray itarudi.

Siku chache baada ya Yarmouth, mbinu hii inamshinda. Ukungu unashuka, upweke unamwingia, na Slocum anakiri kwamba kumbukumbu zake zilifanya kazi kwa nguvu ya kutisha, kubwa na ndogo, na sauti za zamani zikamrudia. Hakuna bei katika aya hizo, wala mzaha mwingi. Kwangu ndizo kurasa bora za sehemu ya mwanzo, na nadhani ni bora kwa sababu hapo vile alivyokataa kuvipakia vinapanda vyenyewe. Ili asipoteze mazoea ya kusema, anaanza kupaza sauti, akimuuliza mshika usukani ambaye hayupo mashua inaelekea wapi. Hapati jibu.