Muuaji Amejulikana, na Sisi Je?

Tulipoanza kusoma pamoja Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar iliyochapishwa mwaka 1960, tulikuwa na hamu kubwa. Wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyofungua mlango wa hadithi za upelelezi kwa Kiswahili. Tulipoifunga, tulikuwa tumeburudika, lakini mioyo haikushiba.

Kwetu Mpanda kitabu hiki kina uzito wa pekee. Jina la mkoa wetu latokana na Katabi, roho ambayo Wabende husimulia kuwa inakaa kwenye mkwaju kando ya Ziwa Katavi, na wapo wanaoweka sadaka chini ya mti huo hata leo. Hivyo Bwana Ali anapokutwa amekufa penye mzimu, hatukuhitaji kuelezwa kwa nini watu wanaogopa.

Sifa yake tuitoe kwanza. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hakubali kwamba mzimu umeua. Anauliza, anatazama, anapima maneno ya kila mtu, mpaka anaonyesha kuwa ulioua ni mkono wa binadamu. Hatutamtaja muuaji, tusije tukamharibia utamu ambaye hajasoma. Lakini kuwafundisha watu kuuliza kabla ya kuogopa ni kazi njema, nayo imefanywa kwa Kiswahili kitamu.

Basi tulisikitikia nini? Fumbo likishafumbuliwa, hadithi nayo imekwisha. Bwana Msa anang'aa kwa akili. Waliofiwa wanabaki pembeni. Marehemu anakuwa swali la kujibiwa kuliko mtu wa kuliliwa. Na wale walioogopa na kunong'ona hawaulizwi lolote juu ya hofu yao.

Hili linatuuma kwa sababu tunalijua. Katika jumuiya yetu alifariki kijana, na minong'ono ikamwangukia bibi mmoja wa ukoo wake, mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni wa miaka mingi. Baadaye ilijulikana wazi kuwa kijana aliuawa na ugonjwa. Ukweli ukatoka; lakini mlango wa bibi haukubishwa hodi. Tulipita mbele ya nyumba yake tukienda ibadani, na vitabu vya nyimbo mkononi. Hakuna mpelelezi aliyekuwa amebakiza kazi pale. Kazi iliyobaki ilikuwa yetu.

Hapo tukakumbuka Mwanzo sura ya 4, kisa cha mauaji ya ndani ya nyumba moja. Hakuna fumbo: msomaji anamwona Kaini akimwua ndugu yake. Mungu ajuaye yote bado anamwuliza habari za ndugu huyo, anaisikia damu ikilia kutoka ardhini, anatoa hukumu, kisha anamtia muuaji alama ili naye asiuawe. Kumjua mwenye kosa hakukumaliza habari. Haki ilikuwa na maneno zaidi ya kusema, na rehema pia.

Tunawashauri wapendwa waisome riwaya hii, kwani inavua hofu. Ila wakifika ukurasa wa mwisho wasiinuke upesi. Sisi tulikaa kimya kidogo, kisha mama mmoja akauliza ni nani atakayekwenda kumwamkia bibi. Jumapili ile tulikwenda wote. Alitufungulia, akatazama nyuso zetu moja moja, akasema tumechelewa, lakini tuingie.