Siku ya kwanza ya daktari wa mifugo: orodha nzuri ambayo haijafika kibanjani

Msomaji wetu, hivi daktari wa mifugo anapoingia kazini siku ya kwanza kabisa, anatakiwa awe anaweza nini? Swali hili lina jibu rasmi. Mwaka 2012 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lililojulikana wakati huo kama OIE, lilitoa mapendekezo ya umahiri wa mhitimu siku yake ya kwanza ili vyuo vijipime kwayo. Mwaka uliofuata likatoa na mwongozo wa mtaala. Leo tunaisoma orodha ile ya 2012 tukiwa kata ya Miembeni, Bukoba mjini, huku macho yakielekea vibanja vya vijijini na kule Muleba.

Tuanze na sifa, maana zipo. Orodha haimwoni daktari kama mtu wa sindano tu. Inamtaka ajue jinsi magonjwa yanavyosambaa, usafi wa vyakula, sheria, maadili na ustawi wa wanyama. Magonjwa yatokayo kwa wanyama kwenda kwa binadamu yamewekwa mahali pa juu, na mtu wa Bukoba hahitaji kuelezwa kwa nini. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa Marburg hapa Kagera. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni, watu 9 walikuwa wamehesabiwa kuugua na 6 walifariki. Virusi hivyo makazi yake ni popo wanaokula matunda. Mtaala unaomfundisha daktari ng'ombe bila kumfundisha popo umepitwa na wakati. Hapo orodha imepata.

Sasa kasoro. Ukiisoma kwa makini utaona vitenzi vinavyorudi mara kwa mara ni kutambua na kueleza. Mhitimu atambue ugonjwa, aeleze dalili, aeleze kinga. Sawa. Lakini kuamua je?

Chukua mfano wa kawaida tu. Kuna ng'ombe mmoja wa maziwa, anafugwa ndani. Ana homa na hataki kula. Inaweza kuwa ndigana kali, inaweza kuwa ndigana baridi. Zote mbili huletwa na kupe, na hata ng'ombe wa ndani hazimkwepi, kwa sababu kupe wanaweza kuja na majani ya kukatwa. Majina yanafanana, dawa hazifanani. Ndigana baridi inatibika kwa OTC. Ndigana kali ikishaonyesha dalili, OTC haiiponyi. Inataka dawa kama buparvakuoni, tena mapema, kabla mapafu hayajajaa maji. Kinachochanganya zaidi ni kwamba katika chanjo ya ndigana kali OTC ya muda mrefu huchomwa siku ile ile ya chanjo, kuzuia vimelea hai vilivyomo visimletee mnyama ugonjwa mkali. Kwa hiyo mfugaji aliyeona OTC ikitumika siku ya chanjo ana haki ya kuuliza kwa nini leo inakataliwa.

Chuoni jibu liko kwenye darubini: unachoma sindano kwenye tezi iliyovimba, unapaka kioo rangi, unaangalia. Kibanjani darubini hakuna, na mwenye ng'ombe ana hela ya dawa moja, si mbili. Daktari amebaki na vidole na macho: tezi chini ya masikio zimevimba? Ufizi umepauka? Mavi yamekuwa magumu? Akikosea, mfugaji analipa mara mbili, au analipa mara moja na kumzika mnyama. Na Buhaya ng'ombe si maziwa tu. Samadi yake ndiyo inayolisha migomba. Ng'ombe akifa, kibanja nacho kinaanza kufa njaa taratibu.

Orodha inagusa usugu wa vimelea kwa dawa, inagusa pia siku za kusubiri kabla ya kunywa maziwa. Ila inayagusa kama maarifa ya kueleza. Kumwambia mama mwenye watoto watatu kwamba maziwa ya wiki hii yamwagwe, na akakubali, hilo ni jambo jingine kabisa.

Kasoro ya pili ni mpangilio. Utawala na usimamizi umewekwa kwenye umahiri wa juu, yaani wa kujifunza baadaye. Huku kwetu hakuna baadaye. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inamtambua daktari na inawatambua pia wataalamu wasaidizi, na mara nyingi hao ndio wanaofika kwa mfugaji kwanza. Kijana anayetoka Morogoro, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, anaweza kupangiwa kazi na watu waliochoma sindano tangu hajazaliwa. Kuwaongoza bila kuwadharau si umahiri wa juu. Ni wa asubuhi ya kwanza.

Kwa haki, waraka wenyewe unasema unahusu huduma za kitaifa za mifugo. Ufundi wa kliniki umeachiwa sehemu nyingine za mafunzo. Lakini huduma ya kitaifa hukutana na mwananchi wapi, kama si kwenye banda la ng'ombe mmoja? Ugonjwa mpya nao utaonekana hapo kwanza, kama mfugaji bado anamwamini daktari kiasi cha kumwita.

Udaktari wa mifugo umefundishwa Morogoro tangu 1976, kabla hata ya Chuo Kikuu cha Sokoine kuanzishwa mwaka 1984, kwa hiyo uzoefu tunao. Pendekezo letu ni dogo: kila mwanafunzi wa mwaka wa tano apewe mtihani mmoja bila maabara. Apewe mnyama mgonjwa, mwenye mnyama aliye na bajeti yake, na nusu saa. Asipimwe kwa jina la ugonjwa peke yake. Apimwe kwa alichoamua, kwa sababu alizotoa, na kama mfugaji amezielewa. Na mfugaji naye awe na alama za kutoa.